Msitu wa Godoro

Mwaka wa tisini na saba, pale Kakese nje kidogo ya mji wa Mpanda, kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akilalia nusu godoro kwa sababu ya msitu. Nusu ya pili aliikata kwa kisu cha jikoni, akainyofoa vipande vidogo vidogo, akavichemsha kwenye maji ya kisamvu mpaka vikawa kijani, halafu akavianika juu ya paa la banda la mbuzi. Mkewe Tereza, ambaye naye alikuwa akilalia hiyo nusu iliyobaki, alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo, na hakuyaficha.

"Baba Agape," alisema, "wenzako wakizeeka wanajenga nyumba. We unajenga pori. Na pori lenyewe hilo hapo nje, tunaliona bure."

"La nje haliingii mezani," alijibu mzee, akaendelea kunyofoa.

Mzee huyo ni Evarist, Mkonongo, fundi wa kupasua mbao, wakati huo umri wake miaka hamsini na minane. Aliyemtia kwenye mambo ya msitu wa mezani ni Deo, kijana wa makamo aliyekuwa akigeuza njia za treni pale stesheni ya Mpanda. Deo alikuwa mtu wa treni mpaka kwenye ndoto. Jioni zake zote alizimaliza akitengeneza reli ndogo: njia yenyewe vipande vyembamba vya bati, mataruma njiti za kiberiti, mabehewa makopo ya samaki, na injini kopo la maziwa lenye springi ya saa ya mezani tumboni. Ukiijaza ufunguo, injini ilizunguka mara mbili na nusu, kisha ikachoka, ikasimama popote ilipofika, na Deo akaitetea kwamba hata ile kubwa ya Tabora ina tabia hiyohiyo.

Basi wilaya ikatangaza kwamba Nane Nane ya mwaka ule, pamoja na mahindi na majogoo, mafundi nao wataonyesha kazi zao uwanjani. Deo akapanda baiskeli mpaka kwa Evarist.

"Mzee, treni yangu inazunguka, lakini inabeba nini? Hewa! Watu wa Mpanda wakiona treni tupu watasema imeharibika. Nijengee kambi ya mbao kando ya reli. Shimo, magogo, mafundi, kila kitu, kama zamani. Sharti moja tu: tusinunue hata msumari."

Evarist alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Tereza alishangaa, kwa kuwa mumewe alikuwa hajagusa habari za mbao kwa miaka mitatu, na mtu akizitaja, aliondoka akaenda kuangalia mbuzi wasiokuwa na shida yoyote. Kisa cha miaka hiyo mitatu ni neno moja tu, na neno lenyewe ni unga.

Kama hujawahi kuona mbao zikipasuliwa kwa mkono, ngoja nikueleze. Mnachimba shimo refu kupita mtu, mnalaza gogo juu yake. Fundi mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anashuka shimoni, na kati yao kuna msumeno mrefu wenye mpini huku na mpini kule. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi na masizi ya betri. Wa chini anavuta. Na kila anapovuta, unga wa mbao unammwagikia: machoni, puani, shingoni, na mdomoni pia kama ana mazoea ya kuongea. Ndiyo maana katika kambi zote za mbao, kuanzia Kakese mpaka Sibwesa, fundi wa chini huitwa mla unga. Usidhani ni tusi. Mla unga akiwa na papara, mbao inapinda. Akiwa na mkono mtulivu, mbao inatoka imenyooka mpaka mnunuzi anaipapasa mara mbili. Fundi wa juu mwenye mla unga mzuri humjivunia kuliko anavyomjivunia mke.

Ila mafundi hupokezana. Gogo hili unakula wewe, gogo lijalo ninakula mimi. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuiandika popote kwa kuwa hakuna aliyewahi kuibishia, isipokuwa Nashon.

Nashon alikuwa Msukuma, alikuja na baba yake na ng'ombe wengi kutoka kaskazini, mbung'o wa mapori ya huku wakawamaliza wale ng'ombe, naye akashika msumeno ili aanze upya. Alifanya kazi na Evarist miaka ishirini na miwili. Na miaka yote hiyo ishirini na miwili, Nashon alisimama juu, Evarist akala unga. Mwanzoni Evarist alingoja zamu yake. Nashon akasema, "Jicho langu zuri kwenye mstari, acha nimalizie hili." Akamalizia hilo, na lililofuata, na lililofuata. Evarist akaona haya kudai. Akajiambia kwamba mwenzake ana majivuno kidogo, na majivuno kidogo si ugonjwa. Kule chini alimtukana polepole kwa Kikonongo kila siku ya kazi, na jioni wakala sahani moja, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Halafu ikaja siku ya mahari ya Minza, binti wa kwanza wa Nashon. Wakwe walitoka Sibwesa na ng'ombe wao na kofia zao nzuri, wafugaji watupu, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika msumeno. Nashon akasimama kuwatambulisha watu wa upande wake. Alipofika kwa Evarist, akamshika bega na kusema kwa sauti, "Na huyu ni Evarist, mla unga wangu."

Mzee wa upande wa wakwe akamtazama Evarist kuanzia kanzu yake ya kuazima mpaka viatu. Akasema, "Basi leo kabahatika, ale na nyama."

Watu wakacheka. Walidhani wametambulishwa kwa maskini wa Mungu anayefadhiliwa ugali pale nyumbani. Hilo Evarist angelimeza, amemeza vikubwa zaidi. Lililomkwama kooni ni kwamba alipogeuka kumtazama Nashon, akingoja asahihishe, Nashon naye alikuwa anacheka.

Evarist hakungoja nyama. Aliondoka siku ile na hakurudi shimoni tena. Baada ya miezi Nashon akahamia Kasekese na ng'ombe wake wapya, na kwa miaka mitatu hawakupelekeana hata salamu. Evarist akawa mkulima wa karanga mwenye huzuni. Usiku na mchana alikuwa na swali moja tu alilotaka kujibiwa kabla hajafa: Nashon alicheka nini?

Sasa turudi kwenye pori la mezani, maana huko ndiko mambo yalikoanzia kunyooka.

Evarist alichukua mlango mkuukuu wa jiko, akaulaza juu ya vigoda viwili. (Tereza: "Godoro, sasa mlango. Kesho utaniomba paa.") Katikati ya mlango akatoboa tundu la mstatili, akapigilia chini yake kiboksi kilichowahi kukaa misumari, na hilo likawa shimo. Miti akaitengeneza kwa vijiti vya kichaka kile tunachofanyia mifagio, kila kijiti akakivika sponji lake la kijani kwa gundi ya uji wa muhogo. Magogo yalikuwa matawi ya mninga ya unene wa kidole gumba, yakiwa na magamba yake, na alipoyakata yakatoa utomvu mwekundu sawasawa na baba zao wakubwa porini. Evarist alifurahi mno kuona ile damu. Akamwita Tereza aje aone, na Tereza akaja, akaona, akasema ni nzuri, maana hata yeye hakuwa na moyo wa jiwe.

Msumeno aliutoa kwenye utepe wa chuma unaofungia mizigo ya stesheni. Ulikuwa na urefu wa kidole cha kati. Alikaa siku mbili akiutia meno kwa tupa, kisha akayapinda jino moja kushoto na jino moja kulia, kama inavyotakiwa.

"Mzee," Deo alimwambia, "hayo meno hayaonekani. Nani atayajua?"

"Msumeno utajua."

Akatengeneza na jiko la kambi, mafiga matatu ya changarawe na sufuria ya kizibo cha soda. Akatengeneza fito mbili za kuporomoshea magogo mpaka kwenye behewa la kopo la samaki, maana Deo alikuwa ameshaleta reli na treni yake, akaizungusha pembeni mwa mlango. Akapiga mluzi siku nzima. Tereza alikuwa hajausikia mluzi huo tangu ile siku ya mahari, na kwa ajili ya mluzi alisamehe godoro, ingawa hakumwambia.

Watu wa kambi aliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu na kuwachoma kwenye jiko la mkaa. Mla unga alimmaliza kabla chai haijapoa: kichwa kimeinama, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, macho yamefumbwa, mikono imekaza mpini. Alijifinyanga mwenyewe bila kioo. Kisha akaanza fundi wa juu, akianzia miguuni. Miguu nayo ikatoka bila taabu, makatambuga ya matairi, kisigino cha kulia kimeinuka kidogo kwa uchovu, na kidole gumba cha kushoto kimepindia nje pale shoka lilipokigonga mwaka wa sabini na nane. Akapanda mpaka magotini. Hapo mkono ukagoma.

Alijaribu asubuhi, akajaribu na jioni. Uso wa Nashon akila aliujua. Uso wa Nashon akilala, akikohoa, akipatana bei na wanunuzi, nyuso hizo zote alizijua. Lakini uso wa Nashon akipasua hakuwahi kuuona hata mara moja. Kwa miaka ishirini na miwili, kutoka magotini kwenda juu, Nashon alikuwa jua na unga tu.

"Mvalishe kofia kubwa," alishauri Deo.

Evarist alimtazama kwa namna iliyomfanya Deo akumbuke kwamba ana zamu stesheni.

Siku iliyofuata Evarist alikwenda mazishini kijiji cha pili. Alimwachia Tereza maagizo: Deo akija, amwage unga shimoni na kuzunguka gogo lote, ashindilie kidogo juu ya gundi, unga umo ndani ya kopo. Tereza akayafikisha maagizo kama alivyoyapokea, akaenda shambani. Deo akaja, akaingia jikoni, akakuta kopo, ndani yake mna unga wa rangi ya kahawia iliyoiva, laini, mzuri. Akamwaga shimoni. Akamwaga kuzunguka gogo. Ukamwendea vizuri, akaongeza mpaka kwenye reli. Akaondoka akiwa ameridhika na nafsi yake.

Evarist aliporudi alikuta kuku kumi na mmoja porini. Jogoo alikuwa amesimama juu ya injini, anawika. Mitetea walikuwa wanapekua kambi kwa bidii ya watu wa kibarua, miti imelala chini, sufuria ya kizibo imefika mlangoni, na kuku mmoja kaingiza kichwa shimoni, anamdonoadonoa mla unga kwenye mabega.

"Deo!" Sauti ile ilisikika mpaka barabarani, na bahati mbaya Deo alikuwa barabarani, anapita kurudi kuangalia kazi yake.

"Nilisema umwage unga!"

"Nimemwaga unga!"

"Huu ni ulezi!"

"Si unga wa ulezi? Mzee, ulisema unga. Mi mtu akiniambia unga, najua unga."

"Unga wa mbao, we Deo! Wa mninga! Kopo liko nje, limening'inia pale! Nani katika dunia hii asiyejua unga ni nini?"

Tereza, aliyekuwa amerudi kutoka shambani, alikuwa ameshika nguzo ya jiko kwa kucheka. Alikuwa analia na ulezi wake wa uji wa wiki nzima, na bado anacheka. "Nyie wapasuaji," alisema, "mnadhani watu wote wamekulia shimoni. Sisi wengine unga tunaupika."

Evarist akakaa kwenye kigoda. Alikaa hapo mpaka Deo akaanza kuokota miti kwa adabu, akidhani amemuudhi mzee kupita kiasi. Kumbe mzee hakuwa akimfikiria Deo hata kidogo. Alikuwa akimfikiria yule mkwe mwenye kofia. Kama Deo, mtu mwenye akili zake, aliyeona hiyo kambi ya mbao ikijengwa mbele ya macho yake, amesikia unga akaenda moja kwa moja jikoni, mfugaji wa Sibwesa angesikia nini? Yule mzee hakumtukana. Alisikia Kiswahili chake.

Mwiba mmoja ukang'oka hapohapo. Wa pili ukabaki. Maana Nashon aliujua unga wa aina zote mbili, na alicheka.

"Mama Agape," aliuliza baadaye, wakati kuku wameshafungiwa na Deo amesamehewa, "hivi Nashon alicheka nini?"

"Miaka mitatu unaniuliza mimi," alisema Tereza. "Mi ni Nashon? Kuuliza si ujinga, Baba Agape, ila umuulize mwenyewe. Nenda. Na huko huko ukamwangalie huo uso, umalize hilo jisanamu, maana limesimama magoti matupu dirishani kwangu linanitisha."

Alitoka na baiskeli kabla jua halijachomoza, ile miguu ya udongo ameifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo, na akafika Kasekese jua likiwa la utosi. Njiani aligeuza baiskeli mara mbili kurudi nyumbani, na mara mbili akaona haya mbele ya miti. Alikuwa anaogopa. Mtu akikaa na swali miaka mitatu hulizoea, na jibu laweza kuwa baya kuliko swali.

Nashon alikuwa zizini, anamtoa ndama kupe. Aliinua kichwa, akamwona mgeni wake, akabaki ameinama nusu, kupe mkononi.

"Mwadila," alisalimia Evarist. Kisukuma chake chote kiliishia hapo.

"Mwadila," Nashon alijibu polepole. Kisha akaita nyumbani waletewe kigoda na maziwa ya mgando.

Wakakaa. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za karanga, za ndama. Habari zikaisha. Maziwa nayo yakaisha. Evarist akafungua kopo, akaiweka ile miguu chini katikati yao.

Nashon aliiokota. Akaigeuza. Akakitazama kidole gumba cha udongo, akanyoosha mguu wake wa kushoto, akatazama kidole chake mwenyewe, akarudi kwenye udongo.

"Hiki kidole umekikosea," alisema. "Changu kimepinda zaidi."

"Hakijapinda zaidi. Nakijua."

"Ni kidole changu, Evarist!"

"Nani alikuwa anakiangalia, mimi au wewe?"

Nashon akacheka, akajizuia, akashindwa kujizuia. Evarist aliona hapo pana mlango wazi, akaingia.

"Baba Minza. Siku ile ya mahari ulisema mimi ni mla unga wako. Sikatai, nilikuwa. Wakwe wakacheka, nao siwalaumu, hawajui mambo yetu. Lakini na wewe ulicheka. Nimepiga baiskeli toka Kakese kuuliza jambo moja tu. Ulicheka nini?"

Nashon aliiweka ile miguu ya udongo juu ya goti lake.

"Nilicheka woga," alisema. "Nilikutaja kwa kujisifu. Yule mzee aliposema vile, nikataka kumweleza mla unga ni nani. Nikaona nikimweleza, ataniuliza kwamba kumbe mafundi wanapokezana, sasa we mbona hukushuka? Mbele ya watu wanaomchukua binti yangu. Nikacheka. Mtu akiogopa hucheka."

"Na mbona hukushuka?"

"Nilikuwa na kaka, anaitwa Kija. Kule kwetu, mimi nina miaka kumi na sita, tulichimba kisima cha ng'ombe. Yeye chini, mimi juu nimeshika kamba. Udongo ukashuka. Kamba ilibaki mkononi mwangu nyepesi. Tangu siku hiyo siwezi kuingia shimoni, Evarist. Hata la choo nachimbisha watu."

Evarist alikosa pa kuweka mikono. Alikumbuka maneno yote aliyoyasema kule chini, moja moja, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekula unga wako wote bila neno."

"Ndiyo sababu. Ungeshuka unanihurumia. Mimi nilitaka ushuke unanitukana, kama mtu na mwenzake."

"Ulikuwa unasikia?"

"Kikonongo cha matusi nakijua chote," alisema Nashon. "Ukinituma Inyonga kwa Wakonongo wenzako leo naweza kupigana na mtu yeyote."

Wakacheka mpaka ndama wakasogea mbali. Kisha Evarist akafuta macho, akasema kazi ni kazi, na akamwomba Nashon apande juu ya gogo lililolala kando ya zizi, ashike fimbo ya kuchungia, apasue hewa, amwone. Nashon akapanda. Mkewe akatoka jikoni kuangalia kama mgeni amemtia mumewe wazimu. Fimbo ikaenda juu, ikashuka, na kwa mara ya kwanza Evarist akauona ule uso. Nashon akipasua alitoa ncha ya ulimi pembeni, kama mtoto anayejifunza kuandika. Na kila baada ya mivuto mitatu minne aliacha mstari, akainamisha kichwa, akachungulia chini, kisha akaendelea.

"Unachungulia nini?" aliuliza Evarist.

Nashon alisimama. Yeye mwenyewe alionekana hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Naangalia kama bado upo," alisema.

Evarist aligeuka akatafuta udongo nyuma ya zizi, na akachelewa huko kidogo kuliko ilivyohitajika kwa kuchukua udongo. Fundi wa juu alikamilika alasiri hiyo, akachomwa kwenye moto wa mke wa Nashon: ulimi pembeni, kichwa kimeinama, macho shimoni.

Siku ya Nane Nane uwanja wa Mpanda ulijaa mapema, na mlango wa jiko la Tereza ulijaza watu kuliko fahali wa maonyesho. Deo alikuwa amevaa sare yake ya reli. Alijaza ufunguo, injini ikavuta, mabehewa yakapita chini ya msitu wa godoro, yakasimama mbele ya fito, na Evarist akaporomosha magogo matatu ya mninga ndani ya kopo la samaki bila hata moja kuanguka nje. Watu wakapiga makofi. Bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa mjuzi wa misitu aliinama, akasema kazi nzuri, ila kosa ni moja, fundi wa juu anatazama shimoni badala ya mstari, kwa mtindo huo mbao itapinda.

"Haikupinda," alisema Evarist.

Ndipo akamwona Nashon anapenya katikati ya watu, na nyuma yake wale wakwe wa Sibwesa, mzee wa kofia akiwa mbele. Mzee akaegemea fimbo, akachungulia tundu la mlango.

"Huyu aliyefukiwa huku ni nani?" aliuliza.

Nashon alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye banda la mahindi. "Huyo ndiye mla unga, mkwe. Fundi wa chini. Anakula unga wa mbao, siyo ugali wa mtu. Ni huyu Evarist hapa, uliyemkuta kwangu siku ya mahari. Hakuna mbao niliyouza iliyonyooka bila mkono wake. Siku ile nilitakiwa niseme, sikusema."

Mzee alivua kofia. Akamwangalia Evarist tena kuanzia juu mpaka chini, safari hii polepole, akampa mkono kwa mikono miwili. Tereza akasimama wima zaidi, na Evarist akasikia mwiba wa pili unatoka wote na mzizi wake.

"Kumbe kazi nzito," alisema mzee. "Sasa huko chini mlikuwa mnakaaje? Mtu mmoja tu siku zote?"

Evarist alimwona Nashon anavuta pumzi. Nashon alikuwa amekusudia kumaliza yote siku hiyo, mbele ya mkwewe, mbele ya uwanja mzima.

"Mkwe," alianza Nashon, "mimi kusema kweli, shimoni..."

"Tulikuwa tunapokezana," alisema Evarist.

Nashon aligeuka kumtazama.

"Gogo hili mimi, gogo lile yeye," Evarist akaendelea, bila hata kupepesa. "Ndiyo desturi yetu mafundi. Kwenye huu mlango ni zamu yangu tu."

"Na huyu wa juu," mzee aliuliza, akionyesha kwa fimbo, "mbona anachungulia huko chini?"

"Ana wasiwasi," alisema Evarist. "Anajua gogo linaisha, na zamu inayofuata ni yake."

Mzee akacheka, wakwe wote wakacheka, na Nashon akacheka pamoja nao, huku ameshika bega la Evarist kwa nguvu mpaka likauma.